Mstari wa Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na mazoea ya kupuliza vumbi la chaki vidoleni kabla ya kusema, "Haya, wanangu." Aliporudi kazini baada ya kiharusi, mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Somo lilikuwa kalkulasi, kutafuta urefu wa mstari uliopinda. Akachora, mstari ukaenda mrama. Msichana wa dawati la mbele akainuka.

"Mwalimu, nikuchoree?"

"Kaa tu, mwanangu." Akautazama mstari wake, akacheka kidogo. "Huu umepinda kwelikweli! Lakini tukiukata vipande vidogo mno, kila kimoja ni kama kimenyooka. Tukivijumlisha, tumepata urefu wake."

Tukaunakili vilevile ulivyokuwa, pamoja na mitetemo yake yote.