Mjakaranda wa Kinyozi

Kinyozi alizaliwa kwenye joto, akaoa kwenye baridi. Shida yake yote ilikuwa hiyo, mengine maneno tu. Kwao mijakaranda ilijiotea barabarani, ikiwamwagia maua ya zambarau watu wasio na habari nayo. Huku ukweni, umande uliganda asubuhi mpaka nyasi zikavunjika ukizikanyaga. Kichwa ngumu yule akapanda mjakaranda nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo.

Kila mwaka baridi iliukata kichwa, ukachipua tena kutoka chini, mfupi, umevimba pembeni, kama kichwa kilichonyolewa gizani. Na mwenyewe ndiye kinyozi!

"Mwaka huu unachanua," aliwaambia wateja, wembe uko shingoni mwao, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Wa kubisha alikuwa mama mkwe, waliyekaa naye. "Baba, huo mti wako ni kama mgeni anayeaga kila siku na haondoki. Nipe kona yangu nipande kabichi."

"Mama, usipochanua mwaka huu nitaukata mwenyewe. Mbele yako."

"Na majirani?"

"Waite!"

Mdomo huponza kichwa.

Sasa ajabu: mwaka huo mti ukatoa vitumba kweli. Kinyozi akawa hashikiki. Aliwatoa wateja kitini na vitambaa vyao shingoni, nusu kichwa kimenyolewa, wakashuhudie. Fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kunyolewa, akachungulia. "Hawa si wadudu?" Siku hiyo alirudi kwake na mapengo kisogoni.

Halafu redio ikatangaza baridi kali. Kinyozi akafunga duka mchana kweupe, akavuta blanketi kitandani, akauvisha mti, juu akatupia turubai.

"Na mimi nijifunike nini?" mkewe akauliza.

"Wewe una damu, mke wangu. Huu hauna."

"Nilipougua homa uliniletea maji tu. Tena nusu kikombe."

Hakumsikia. Alikuwa anawaza: kama dukani tunaota jiko la mkaa, mti umekosa nini? Jioni akalisukuma jiko chini ya turubai, limejaa, linawaka vizuri, akaenda kulala na koti lake, roho kwatu.

Baridi yenyewe haikuja. Mawingu yalitanda juu ya mji, nyasi zikaamka laini. Kinyozi akafunua turubai, akapigwa na harufu ya mboga iliyosahauliwa motoni. Majani yamejikunja. Vitumba vimekauka, ukivigusa vinadondoka kama chawa waliokufa.

Mama mkwe akatokea na panga, limenolewa tayari. Nyuma yake majirani, fundi viatu mbele, kofia imefunika kisogo.

"Baridi imeuua, mama," Kinyozi akasema.

Mama mkwe akatazama viazi vya jirani, vimesimama kijani kibichi. Mkewe akaokota blanketi. Lilikuwa na tundu jeusi kubwa kama sahani. Akalinyanyua, akamchungulia mumewe kupitia hapo.

"Hii baridi ilikuwa inavuta sigara?"

Majirani wakaangua kicheko mpaka wakashikana. Kinyozi akapokea panga. Aliahidi mwenyewe, nani wa kumlaumu? Akaukata taratibu kama anayenyoa mtoto wake mara ya kwanza, akaacha kisiki kidogo chini. Akakifukia kwa mguu, kijanja, akijua kitachipua.

"Na mizizi, baba," mama mkwe akasema, akimnyooshea jembe.