Mashine Chini ya Kitambaa

Nyumbani kwetu Githongo kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe sita vya maua ambavyo sisi watoto hatukuwahi kuvinywea hata maji. Vilikuwa vya wageni. Mama alivitoa, akavifuta, akavirudisha, nasi tukaendelea na vikombe vyetu vya bati. Nayasema haya mapema ili ijulikane tabia yangu niliitoa wapi, wala si kujitetea. Mama alificha vikombe tu. Mimi nilificha maabara nzima.

Ilikuwa miaka ya tisini, na chuo chetu huku Meru kilikuwa bado kichanga. Nilikuwa fundi wa maabara. Masanduku ya msaada yalipofika, idara nzima ilitoka kuyashusha. Kulikuwa na mashine ya kunakili DNA, ndogo kama redio. Pipeti za kupima matone madogo mno. Na friza ya kuhifadhia vimeng'enya, dawa ambazo bila hizo mashine ile ni pambo tu. Mhadhiri wa somo la DNA alikuwa masomoni ng'ambo, kwa hiyo funguo na ratiba ya mazoezi vikaachwa mikononi mwangu. Nilifurahi kupita kiasi. Wiki hiyohiyo nilimwomba mke wangu afume vitambaa vya kroshia, vyeupe, kila mashine na chake.

Wanafunzi sikuwanyima kabisa. Niliwaita, nikainua kitambaa, wakaona, nikafunika.

Mmoja hakutosheka na kuona. Alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mtoto wa wakulima wa Karurumo. Mradi wake ulikuwa wa maharagwe ya rosekoko. Mama yake alikuwa akibishana na wanawake wenzake sokoni kwamba rosekoko ya juu mlimani na rosekoko ya kwao si mbegu moja, ingawa zinafanana. Binti alitaka kujua ukweli kwa DNA. Alikuwa amekusanya mbegu shamba kwa shamba, akazitia katika vifuko kumi na viwili vya karatasi, kila kimoja na jina la shamba kwa mwandiko wake mdogo.

Alikuja kila Jumanne.

"Mwalimu, hata leo?"

"Ngoja kwanza wale wageni wa msaada wakuje, waone vitu zikiwa mpya. Halafu utafanya hadi uchoke."

"Sawa, mwalimu. Lakini hata kama ni kushika pipeti na maji tu, nishike."

"Akiba haiozi," nikamwambia, na nikajiona mwenye hekima sana.

Alingoja mwaka mzima. Hakuninung'unikia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi sasa.

Wageni wakaja. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mtafiti kutoka Nairobi, mwenye miwani na maneno machache. Alitaka kukagua vifaa, kisha achague mwanafunzi mmoja akafunzwe miezi sita katika maabara yake. Nilikuwa nimepiga sakafu deki mara mbili. Akatazama vitambaa vyangu. Akauliza nani ana mradi wa DNA, na yule binti akapiga hatua mbele na vifuko vyake.

"Niwekee hapa matone mawili ya hii maji ya rangi," yule mtafiti akamwambia, akimpa pipeti.

Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Kuvuta maji unabonyeza hadi cha kwanza. Cha pili ni cha kuyamwaga yote. Anayefundishwa anavitofautisha kwa kidole gumba siku ya kwanza. Yeye alibonyeza hadi mwisho, akavuta maji kupita kiasi, kisha akaiinua ncha juu ili ayatazame. Maji yakashuka ndani ya pipeti, mahali yasipopaswa kufika.

"Nani amekufundisha hivi?" mtafiti akauliza.

 Binti akanitazama. Hakuwa akinishtaki, alikuwa akingoja niseme, kama alivyongoja Jumanne zote zile.

Nikasema, "Tumewafundisha, daktari. Ni vile wengine hawashiki haraka."

Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo nalionea haya hata nikiwa peke yangu shambani.

Mama yule alikwenda moja kwa moja kwenye friza. Akatoa vibweta vya vimeng'enya kimoja kimoja. Vyote vilikuwa bado vimefungwa kwa gundi ya kiwandani, na tarehe za vyote zilikuwa zimepita. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hizi mliletewa mtumie, si mchunge." Bado ningeweza kusema ukweli mbele ya yule binti. Nilitazama sakafu yangu safi. Nafasi ya Nairobi ilikwenda chuo kingine.

Wiki ya kufunga chuo binti alikuja kurudisha koti la maabara. Akaweka vile vifuko kumi na viwili mezani pangu.

"Mwalimu, hizi zilikuwa za mradi. Peleka nyumbani wapike, zisiharibike."

Nilizipeleka. Mke wangu hakujua lolote. Alifungua vifuko vyote, akavimimina katika sufuria moja pamoja na mahindi. Githeri ilikuwa tamu. Aliponiuliza kama aniongeze, nikampa sahani, akajaza.