Sauti Yangu Ilipata Kazi, Mimi Nikabaki Nje

Nyie, mmeshawahi kusikia sauti yenu ikitumiwa na mtu mwingine kuombea kazi?

Mimi yamenikuta.

Nilipeleka maombi ya ukalimani kwenye kiwanda cha nguo, pamoja na sauti niliyorekodi nikiuelezea mtaa wetu kwa Kituruki. Afisa ajira akaisikiliza kidogo, akatoa simu yake, akabonyeza.

Ikatoka sauti ileile. Kinyozi wa mtaani, bomba bovu, kila kitu nilichokieleza.

"Hii tuliletewa wiki iliyopita. Mafundi wa mashine wanaokuja mwezi ujao, Waturuki wenyewe, wameisikiliza huko kwao wakaipitisha. Wewe umeiba."

"Hiyo ni mimi! Niulize chochote kwa Kituruki, sasa hivi!"

"Kijana, mimi mwenyewe sikijui. Na nafasi ilikuwa moja."

Akanitajia aliyeipata.

Kaka yangu wa tumbo moja. Bonge. Mtu ambaye hata salamu ya "merhaba" haijui!

Jamani, Kituruki nimekitolea jasho. Kitabu nilichojifunzia kiliandikwa kwa wanaojua Kiingereza, na Kiingereza nakimudu, lakini hakikunifaa kitu. Kitenzi unakisubiri mwisho wa sentensi kama bwana harusi aliyechelewa.

Kilichoniokoa ni Kiswahili. Sisi tunabandika mbele: "hatutakwenda." Wao wanabandika nyuma: "gitmeyeceğiz." Neno moja, safari nzima imekufa. Tena vokali za viambishi zinafuatana kama vina, na mimi ni mtu wa mashairi. Nikakikamata.

Sauti ile nilikuwa nimemtumia mtu mmoja tu.

Mama.

Aliniomba mwenyewe: "Nitumie mwanangu, niwe nakusikiliza nikishona." Haelewi hata neno. Nilivimba kichwa, kofia ikabana.

Nikamkuta kwenye cherehani.

"Mama, sauti yangu ulimpa nani?"

Mguu haukuacha kukanyaga.

"Kaka yako ana watoto. Wewe una akili, utapata nyingine."

"Na Waturuki wakifika?"

"Si mwezi ujao? Utamfundisha."

Hakuwa anatania. Bonge akatokea mlangoni na daftari jipya, kalamu sikioni.

"Dogo, yaishe bwana. Tuanze na salamu?"

"Anza na samahani," nikamwambia. "Hiyo hata kwa Kiswahili hujaijua."

Nikatoka. Mlango sikuubamiza, niliuacha wazi, wanione nikienda.

Wewe unayesoma, ulinde ujuzi wako hata sebuleni kwenu:

*Adui akikuchoma, jeraha hupata dawa;*
*Anapokuuza mama, ni wapi utapokewa?*