Sura Haivuki Bila Jeton

Niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba sura ya mtu iliyochorwa kwenye karatasi haivuki daraja la Rusizi bila jeton yake. Jeton ni kile kikaratasi cha ruhusa ambacho sisi watu wa mpakani tunavukia mto kwenda Bukavu, nchi ya jirani, asubuhi na kurudi jioni. Kila mtu na chake. Aliyenieleza alikuwa dereva wa pikipiki pale kwetu Kamembe, mtu wangu wa siku zote, na alinieleza kwa utulivu wa hakimu: sheria sasa imefika hata kwenye michoro. Ukiweka macho mawili, pua na mdomo, huyo ameshakuwa muntu, anahesabiwa.

"Na muntu wa mugongo?" nilimuuliza.

Akafikiri kidogo, kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, imekaa mapajani.

"Wa mugongo hana sura," akasema. "Batamuhesabu wapi? Huyo anapita."

Basi, ndiyo maneno yaliyonifanya msanii niliye leo.

Utaniuliza kwa nini sikwenda mpakani kuuliza. Ukiuliza hivyo nitajua wewe si wa huku. Kwetu sheria ya mpaka haiulizwi. Anayeuliza kama nyanya zinaruhusiwa, mkoba wake utafunguliwa hadi kwenye mshono. Asiyeuliza hupita akisalimia. Kuuliza ni kujishtaki. Nimelelewa hivyo pande zote mbili za mto, kwa sababu nilikulia Bukavu, na familia yetu ilirudi huku nikiwa kijana.

Wala usidhani nilikuwa mjinga. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, ya shule ya jioni, niliyoipata nikiwa na ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia, magoti yakinigusa kidevu kwenye madawati ya watoto. Nilijua damu ya chura inazungukaje. Ila hakuna mwalimu aliyetufundisha jeton inazungukaje.

Kwa hiyo kwa miaka mingi nilichora katuni ambazo ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayekutazama. Nilichora wanawake wa Nzahaha wameinama shambani. Nilichora kanisa zima likiwa limepiga magoti, limeonekana kutoka mlangoni. Nilichora harusi ambayo bwana harusi, wakati wote wa sherehe, amejiinamia anafunga kamba za viatu. Na katuni hizo zilipendwa. Siongezi chumvi: kati ya bahari hii na ile, hakuna mtu anayechora mgongo kama mimi. Nikichora mgongo wako, daktari anaweza kukuandikia dawa akiutazama tu kwenye karatasi.

Vitabu vyenyewe navitengeneza kwa mikono yangu, na hapo ndipo kiburi changu kinapokaa. Nachora kwa wino mweusi, napeleka kurasa kupigwa fotokopi, halafu kila kitabu nakishona mwenyewe kwa uzi wa kushonea viatu. Jalada ni katoni ya sabuni, iliyovalishwa kitenge. Vipande vya kitenge hunipa mzee mmoja Mwislamu, fundi cherehani wa Kamembe, ambaye huniwekea mabaki kwenye mfuko pembeni ya mashine yake. "Chukua, weye wa migongo," huniambia, na hainui kichwa. Gundi napika mwenyewe kwa unga wa muhogo, katika sufuria ambayo mke wangu alikwisha kuitoa sadaka. Kitabu changu kikidondoka ziwani Kivu, wavuvi watakivua baada ya mwaka bado kimeshikana.

Siku moja nilikwenda sokoni Bukavu na kitabu kipya, mama muuza avokado akakifungua katikati, akaweka kidole kwenye mgongo mmoja.

"Huyu ni miye," akasema.

"Umejuaje, Maman?"

"Hii kiatu ya kushoto. Na bega vile linaanguka." Akakisogeza machoni. "Mais, lakini kwa nini umeniwekea makalio ya muntu mwengine?"

"Ni yako yote, Maman."

"Ongeza. Yangu inapita hapo."

Nikaongeza palepale kwa kalamu, na akakaa anawaonyesha wateja hadi avokado zikaisha.

Lakini kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shangazi yangu. Shangazi ndiye aliyenilea kule Bukavu, na mpaka leo anaishi huko. Alikuwa akiuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, anavizungusha mtaa kwa mtaa katika beseni la kichwani, na mimi mtoto nikimfuata nyuma na ndoo. Maisha yake niliyagawa katika vitabu vidogo vidogo, na kila kimoja nilipokimaliza nilimpelekea. Yeye naye aliwaonyesha wamama wenzake wa kanisani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku moja akanipigia simu.

"Papa," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la baba yake. "Jana bamama balifungua vitabu yako."

"Balisema nini?"

"Balisema beko naona beseni na visigino tu. Mumoja akaniuliza, 'Na weye uko wapi?' Nikamuonyesha. Akasema pengine mutoto wako anajua kuchora vitu, mais sura yako ndiyo imemushinda."

"Nani huyo?"

"Leka huyo, muache. Mwezi unaokuja batakusanyika kwangu nyumbani. Siku hiyo nataka nikuwe na sura. Nisikufe nikiwa mugongo tu."

Nilikata simu. Aliyetukanwa hapo si mimi peke yangu. Shangazi amebeba beseni miaka yote, watu wakilitazama beseni. Sasa mtoto aliyemlea mwenyewe anafanya vilevile, tena kwa wino. Sura yake lazima ivuke daraja, na lazima ivuke kabla ya mkutano ule.

Nikaketi kuchora. Hapo nikakuta jambo lililoniogopesha kuliko mpaka: mkono wangu ulikuwa umesahau sura. Mke wangu akaja kuangalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni Shangazi."

"Anaumwa jino?"

Nikarudia. Safari hii akasema anaumwa meno yote. Mke wangu ni mtu wa Bweyeye, kule pembeni ya msitu, na hajawahi kuvuka kwenda Bukavu hata mara moja. Nilipomweleza ile sheria ya sura hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu, "Na mbuzi?"

"Mbuzi hawahesabiwi."

"Basi uchore mbuzi," akasema, akaenda zake kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

Mwishowe nikaamua kuvuka mikono mitupu, nikamtazame Shangazi kwa macho yangu, nirudi na sura yake kichwani. Kichwani hakuna anayekagua. Nilimkuta kwenye kibaraza anachambua sambaza kwenye ungo, nikavuta kiti, nikamkalia mbele.

"Unaniangalia nini? Niko na uchafu?"

"Hapana, Maman. Endelea."

"Kama ni bibi wa pili unatafuta, usianzie kwangu. Sema."

Akapita kijana wa jirani akataka kuonja visamaki, na Shangazi akamfokea. Ilikuwa ile sauti ya radi niliyoijua tangu utotoni, sauti iliyonifanya nibane ndoo kifuani na kutembea nikitazama ardhi. Ila safari hii nilikuwa nimekaa mbele yake. Na usoni mwake, wakati radi inapiga, Shangazi alikuwa anacheka. Nyusi moja imepanda, midomo imebanwa kuzuia kicheko, shavu la kulia limeshatoboka kishimo. Mimi utoto wangu wote nilitembea nyuma. Niliisikia sauti na kuiogopa, na kumbe mbele kule mtu mwenyewe alikuwa anacheka.

Nikarudi Kamembe nikiwa nimeishika sura ile kama mtu aliyebeba mayai. Niliichora kabla sijavua viatu. Mke wangu akaiangalia kwa muda.

"Huyu sasa anajua kitu," akasema. Kwake yeye hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Kilichobaki kilikuwa kuvusha. Na sura ni kama karanga, ukionja moja mkono haurudi nyuma. Baada ya Shangazi nikachora wateja, makondakta, wamama wa kanisani, soko zima la Bukavu, wote uso kwa uso. Nilikuwa na umati usio na jeton ambao hata daraja lenyewe lingeulalamikia. Ndipo akili ya shule ya jioni ikafanya kazi yake: kila sura nitaifunika. Nikakata vipande vya kitenge, nikavikaza kwa karatasi ngumu, nikavibandika upande mmoja tu, ili mtu avifunue kama mlango. Huyu kafunikwa na mwavuli, yule na sahani anayolia wali, yule na kofia, watoto watatu wako nyuma ya samaki mmoja. Bawaba za karatasi zilikatika. Za kitenge zilikubali. Mke wangu alikata na mimi nikabandika, na kwa Shangazi tukatumia ncha ya kitenge alichotutuza siku ya harusi yetu, tukamfunga kama kilemba kilichoteremka hadi kidevuni. Ukikiinua, anakucheka. Sijui kama duniani kimewahi kutengenezwa kitabu kama kile, na sina haraka ya kujua.

Asubuhi ya mkutano nilifika darajani nimevaa shati nililopokelea diploma. Mwanamke mmoja mwenye sare akafungua mfuko wangu, akatoa kitabu. Akakifungua. Akaona miavuli na sahani. Nikaanza kusema mambo ya hali ya hewa. Kidole chake kikagusa ncha ya mwavuli, ukainuka, na chini yake mzee akamtazama na meno yake mawili.

Moyo wangu ulisimama, ukakaa, ukalala.

Akainua sahani. Akainua kofia. Akamwita mwenzake. "Njoo uone huyu bwana bado anatafuna." Wakawafunua wote, soko zima, mmoja baada ya mwingine, foleni nyuma yangu ikirefuka hadi nikadhani imefika kule mbali Nkungu.

"Ni wewe umefanya hii?"

"Ni mimi, Madame."

"Hata samaki anafunguka?"

"Anafunguka. Ndani kuna watoto."

Akamfungua samaki, akacheka, akafunga kitabu na kunirudishia kwa mikono miwili. "Haya, Papa, pita. Watu wanangoja."

Nikapita. Nilitembea juu ya lile daraja nikijua kwamba uzuri wa kazi yangu umeilainisha serikali, kwamba watu wote wale wamesamehewa jeton kwa ajili ya bawaba za kitenge.

Kwa Shangazi wamama walikuwa wamejaa hadi kwenye kizingiti, chai ya tangawizi inazunguka. Yule aliyesema sura imenishinda nilimjua bila kuonyeshwa. Ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kukipokea kitabu.

"Tena visigino?" akasema.

"Fungua, Maman."

Akafungua. Akakuta sahani, akainua. Wenzake wakamsogelea kila upande, mabega yakapandana, na muda si muda nikawa sioni kitabu, nasikia tu, "Huyu ni wa Kadutu," "Huyu alikuwa na maneno ya kupumbaza bantu," "Mupe naye ainue, usikumbatie." Walipofika ukurasa wa kilemba, Shangazi mwenyewe alikuwa ukutani, amejifanya anahesabu vikombe. Yule mama akakiinua kitenge.

Wenzake wakainama wote juu ya ukurasa.

"Ni weye," akamwambia Shangazi bila kugeuka. "Ni weye kabisa, ile wakati unatugombeza na unacheka ndani."

Akakishusha kile kitenge, akakiinua tena. Shangazi akaacha vikombe, akaja, wakampisha. Alijitazama muda mrefu. Kisha akakishusha kitenge, akajifunua mwenyewe, kwa kidole kimoja, taratibu. Shavu la kulia likatoboka kishimo, na wamama wakawa wanatazama ukurasa, wanamtazama yeye, wanatazama ukurasa.

"Na miye utanichora lini?" yule mama akaniuliza. "Mais usinifunike na sahani."

Nilikuwa nimekua hadi dari. Nikiwa katika hali ile ya utukufu, nikaona ni haki wajue nimeyavuka mangapi, basi nikawasimulia yote: sheria ya sura, miaka ya migongo, vifuniko, kidole cha yule mwanamke juu ya mwavuli, umati wangu usio na hata jeton moja. Nilisimulia vizuri sana. Nilipomaliza, Shangazi alikuwa ameshika kitabu kifuani na ananiangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikirudi kutoka dukani na chumvi badala ya sukari.

"Nani alikuambia hiyo?"

"Muntu wa pikipiki."

"Papa," akasema, "miye navuka kila mwaka na kalenda ya kanisa, iko na sura za askofu na kwaya yote, beko nacheka mukononi mwangu. Hakuna siku baliniuliza kitu. Jeton ni ya muntu mwenye kutembea. Picha ni karatasi."