Msimu Elia Alipoitwa Timu ya Taifa

Pumba za mahindi mapya zina harufu tamu kidogo, kama maziwa yaliyosahaulika karibu na moto, na zikichanganyika na moshi wa dizeli hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu Kibaigwa. Baba yangu, Mzee Ndahani, alikuwa na mashine ya kusaga nyuma kidogo ya barabara kuu ya Dar es Salaam, na nyumba yetu iliegemea ukuta wa banda lake, kiasi kwamba injini ikiwashwa vikombe vyote vya kabatini viligongana. Msimu wa mavuno malori yalijipanga kuelekea sokoni, vumbi likatanda mpaka juu ya mabati, na watu waliokuja kusaga walisubiri zamu yao wakiwa wamekalia magunia. Kusubiri kunataka maneno. Kwingine pengine walizungumzia mvua au siasa. Kwa baba walizungumzia mpira, na hasa timu ya taifa. Kwa kuwa injini haikuwa na adabu, kila hoja ilitolewa kwa kupiga kelele, na mgeni aliyepita njiani angedhani watu wanagombana. Mara nyingi hawakuwa wakigombana.

Mpinzani mkubwa wa baba katika mabishano hayo alikuwa rafiki yake mkubwa. Aliitwa Shabani, dalali wa mahindi, Mrangi aliyehamia kutoka Kondoa kabla sijazaliwa. Mimi nilimwita Baba Mwajuma, kwa sababu binti yake Mwajuma aliketi nami dawati moja shuleni. Baba Mwajuma aliamini kwamba mpira ni kushambulia. Alitaka washambuliaji wawili mbele, mawinga wapana, na kipa aombe Mungu. Baba aliamini kwamba mtu hufunga mlango kwanza, ndipo alale. Walitandika gunia tupu chini, wakapanga magunzi juu yake, manene yakiwa mabeki na membamba yakiwa mawinga, na kila mmoja akasogeza lake huku akimwuliza mwenzake kama kocha wa taifa ni kipofu au anajifanya. Wabeba mizigo waliegemea upande mmoja au mwingine. Mwishoni baba alirudi kwenye mashine, Baba Mwajuma akarudi sokoni, na kesho yake gunia likatandikwa tena.

Msimu ninaoukumbuka ni ule ambao Elia aliitwa timu ya taifa. Elia alikuwa kijana wa mtaa wetu. Mama yake, mjane, aliuza karanga na mboga za majani karibu na stendi, na sisi wote tulimwona Elia akikua pale, akipiga danadana kwa mguu wa kushoto huku akimlindia mama yake biashara. Klabu moja ya Dar es Salaam ilimchukua akiwa bado kijana mdogo, akawa kiungo mzuri, mtu wa pasi ndefu. Halafu redio ikatangaza kikosi cha mchezo wa mwisho wa kufuzu mashindano ya Afrika, na jina lake lilisomwa. Nakumbuka injini ilizimwa ili watu wasikie vizuri taarifa iliporudiwa. Mama Elia alifuatwa stendi akaletwa bandani, akakaa juu ya gunia la mtu akishika mashavu yake kwa mikono miwili, na wanawake wakampigia vigelegele.

Furaha hiyo ilidumu mpaka ilipojulikana Elia atacheza nafasi gani. Beki wa kushoto wa siku zote alikuwa ameumia, na wachambuzi wa redioni walisema kocha anafikiria kumjaribu Elia pale, maana ni mtu wa mguu wa kushoto na ana pumzi. Baba Mwajuma aliona ni jambo jema sana. Atapanda, alisema, atapiga krosi, Afrika itaijua Kibaigwa. Baba alitikisa kichwa.

"Asipangwe pale," alisema. "Elia huona mpira ukiwa mbele yake. Ukishapita mgongoni hana habari nao."

"Ndahani, huyu ni mtoto wetu."

"Najua ni mtoto wetu. Mwambie kocha ampange katikati, au amwache benchi."

Maneno hayo yalisambaa upesi kuliko unga. Watu walikumbushana kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Wengine walisema baba ana kijicho kwa kuwa Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Baba Mwajuma, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amebishana naye akicheka, safari hii hakucheka. Alimwambia mbele ya watu kwamba mcheza kwao hutunzwa, na kama sisi wenyewe hatumtunzi, nani atamtunza? Baba alirudia hoja yake kwa sauti ileile, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini mahindi mabichi hayasagiki. Kuanzia siku hiyo Baba Mwajuma hakukanyaga bandani. Wabeba mizigo wake walipeleka mahindi yao kwa mashine nyingine upande wa pili wa soko, na mimi na Mwajuma tuliendelea kukaa dawati moja bila kujua kama bado tuna ruhusa ya kuongea.

Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa Baba Mwajuma. Siku moja nilimwuliza baba, alipokuwa akipaka mkanda wa mashine nta, kwa nini hampendi Elia. Hakukasirika. Aliendelea kupaka, kisha akasema, "Nampenda. Ndiyo maana sitaki awekwe mahali pa kuaibika." Sikuelewa. Kwangu, kuitwa timu ya taifa ilikuwa kama kupakwa mafuta matakatifu. Nilidhani ukishavaa jezi ile, miguu nayo hubadilika.

Mchezo ulichezwa Jumapili mchana, Dar es Salaam. Kibaigwa tuliutazama kwenye ukumbi wa video, ambao siku hiyo mwenyewe aliwafungulia hata watoto na akina mama. Mama Elia aliwekewa kiti cha mbele, chenye mto, naye alikuwa amevaa kitenge alichokuwa akikitunza kwa ajili ya Krismasi. Baba Mwajuma alisimama nyuma yake kama mshenga. Baba alikuja akiwa amechelewa, akabaki mlangoni. Wageni wetu, timu kutoka Afrika Magharibi, walikuwa warefu na hawakuwa na haraka. Sisi tulihitaji sare tu. Elia alianza beki ya kushoto, na kwa muda mrefu alicheza vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani. Alipanda, alipiga krosi, mtangazaji akalitaja jina lake mara kwa mara, na kila alipolitaja watu walimgeukia baba pale mlangoni. Nami niligeuka. Baba alikuwa akitazama kioo cha televisheni tu.

Mchezo ulipokaribia kwisha, bado bila bao, mpira mrefu ulipigwa kutoka upande wa pili wa uwanja. Haukuwa mpira wa ajabu. Elia alikuwa amesogea ndani akiutazama, na winga wao akapita nyuma ya bega lake kama mtu anayepita nyuma ya jirani anayesali. Elia alipogeuka, winga yule alikuwa ameshamfikia kipa. Bao lile lilifungwa kwa utulivu, mpira ukaviringika polepole. Kamera ikamrudia Elia akiwa ameshika magoti, ikakaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ukumbi ulichafuka. Viti vilipigwa mateke. Mtu nyuma yangu alitukana. Mama Elia alisubiri mpaka filimbi ya mwisho, akafunga upya kitenge chake, akamshukuru mwenye ukumbi kwa kiti, akatoka. Watu walimpisha. Alipofika mlangoni baba alivua kofia na kumwambia, "Pole, mama," naye akajibu, "Ahsante, Baba Nyemo." Nyemo ndiye mimi. Nilitegemea baba atasema mbele ya watu kwamba alikuwa amewaambia. Hakusema, wala njiani kurudi nyumbani hakusema. Alitembea mikono ikiwa nyuma, na nilipomwuliza kama amefurahi kushinda hoja, alisema nani ameshinda, sisi tumefungwa.

Ulimi hauna mfupa. Katikati ya wiki habari zilikuwa zimeshabadilika: Elia hakukosea, Elia alinunuliwa. Kila mmoja alizisikia kwa mwingine, na waliozisema kwa sauti kubwa ni walewale waliotaka apangwe. Jogoo la shamba haliwiki mjini, walisema sasa, kana kwamba hawakuwa wao waliomsikia akiwika. Mama Elia alikaa ndani siku kadhaa. Halafu unga ukamwishia, kama unavyomwishia kila mtu, akaja kwetu na debe lake la mahindi kichwani. Banda lilikuwa limejaa. Baba Mwajuma naye alikuwepo, kwa mara ya kwanza tangu wagombane, maana mashine ya upande wa pili ilikuwa imeharibika. Alikaa pembeni bila kumtazama baba. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu, nikichambua mlenda.

Mama Elia aliwasalimu, wachache wakaitikia. Alitua debe lake mwisho wa foleni. Ndipo kijana mmoja mbeba mizigo akasema, kwa sauti iliyopita ile ya injini, "Mama, mwambie mwanao atugawie na sisi alichopewa." Wawili watatu walicheka.

Baba alinyoosha mkono akazima injini. Ilichukua muda kufa. Gurudumu lilizunguka, likapunguza, likasimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tulisikia kuku wa nje.

"Mimi nilisema Elia hawezi kucheza beki," alisema baba. Hakupaza sauti, hapakuwa na haja. "Nilisema hapahapa, nanyi mkaniita msaliti. Sikusema ni mwizi. Anayejua amenunuliwa na nani, aseme sasa. Mashine imezimwa, tutamsikia wote."

Yule kijana aliangalia miguu yake. Baba Mwajuma akainuka, akaliendea debe la Mama Elia mwisho wa foleni, akalibeba kupita watu wote, akayamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Halafu akamtazama baba akingoja. Baba akawasha injini. Mahindi ya Mama Elia yalisagwa kwanza siku hiyo, na hakuna aliyelalamika kurukwa zamu.

Elia mwenyewe alikuja msimu wa malori ulipokuwa unakwisha. Aliteremka kwenye basi mchana, akaenda kwa mama yake, kisha akaja moja kwa moja bandani. Baba na Baba Mwajuma walikuwa wameketi pamoja, gunia halijatandikwa.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Karibu, Elia."

Aliketi. Alikuwa amekonda. Baadaye akasema, "Baba Nyemo, mama ameniambia ulisema nisipangwe pale."

"Nilisema."

"Kocha aliniita kabla ya mchezo. Aliniuliza kama nimewahi kucheza beki. Nikamwambia nimecheza tangu utotoni." Alisugua viganja vyake. "Sijawahi hata siku moja."

Baba Mwajuma aliuliza, taratibu, kwa nini hakusema kweli.

"Ningesema hapana, angepangwa mwingine. Mama alinipigia simu akaniambia mmeandaa ukumbi, na kiti chake cha mbele mmekitenga. Ningemwambia nini?"

Siku zote wazee hao wawili walikuwa wamebishana kuhusu kocha: kama ni kipofu, kama ameshauriwa vibaya. Hawakuwahi kufikiri kwamba huenda mchezaji mwenyewe aliulizwa, na kwamba alipojibu alikuwa akisikia sauti zao. Baba akamwuliza Elia kama ameshakula. Alikuwa hajala. Mama akaleta ugali na mlenda, wanaume watatu wakanawa na kula kutoka sahani moja, na kabla hawajamaliza Baba Mwajuma alikuwa ameanza kueleza kwa nini kocha afukuzwe.

Elia hakuitwa tena timu ya taifa. Alicheza klabu misimu kadhaa, katikati ya uwanja, vizuri bila makuu, kisha akarudi. Sasa yuko Mpwapwa, anauza vipuri vya bodaboda na jioni anafundisha watoto mpira. Niliwahi kumkuta uwanjani akimwambia mtoto mmoja kwamba si aibu kumwambia mwalimu, "Hapo sipawezi." Mtoto hakuonekana kushawishika.

Mimi nafanya kazi Chimwaga, kwenye maktaba ya chuo. Wanafunzi hapa wanaujua mpira kuliko wazee wa Kibaigwa walivyoujua. Wanachora mifumo kwenye simu zao, wanajua beki amekimbia umbali gani na kupoteza mipira mingapi. Hivi karibuni timu ya taifa ilifungwa, na kosa lilikuwa la kijana mmoja wa pembeni. Asubuhi yake nilimkuta mwanafunzi mmoja mpole, ambaye kila siku huniamkia shikamoo, akiwaonyesha wenzake alichoandika kwenye ukurasa wa mchezaji yule. Alikuwa ameandika jambo chafu juu ya mama yake. Nilimwuliza kama anamfahamu mama huyo.

"Hapana, mama. Ni utani tu, hata hatausoma. Wanaomwandikia wako maelfu."

Sidhani kwamba watu wa Kibaigwa walikuwa wema kuliko kijana yule. Waliyoyasema yalikuwa machafu vilevile, na wangepata simu kama yake wangeyaandika. Tofauti ninayoiona ni ya umbali tu. Yeye anaweza kuyaandika hayo, akafunga simu na kwenda darasani, na mwanamke yule asikutane naye maisha yake yote. Sisi, Mama Elia tulimkuta bombani kila asubuhi, ndoo yake ikiwa mbele ya zetu, na ilitubidi tumwamkie.