Seva ya Bure ya Kurui

Seva ya shule ya Kurui inakaa ndani ya kabati la vikombe. Ni kabati la chumba cha walimu, lile lenye milango ya wavu, na niliiweka humo mwenyewe kwa sababu ndilo pekee lenye kufuli na linalopitisha hewa. Juu yake kuna vikombe vya ushindi wa netiboli, chini yake maboksi ya chaki. Mgeni akiona ile taa ndogo ya kijani inapepesa katikati ya vikombe anadhani kuna mtu amesahau redio.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na duka langu liko Maili Moja. Kurui ni Kisarawe ndani kabisa, na mtandao wa huko ni wa kuutafuta juu ya kichuguu, simu umeinyanyua kama unaomba mvua. Ndiyo maana mwalimu mkuu wao, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliponiuliza kama wanafunzi wanaweza kusoma kwa kompyuta bila intaneti, nilimjibu wanaweza kabla sijafikiri. Nilikusanya kompyuta zilizochokwa na ofisi za mjini. Moja nikaifanya seva, nikaipakia masomo, mitihani iliyopita na video za baiolojia. Zile nyingine zinachota kwake, kama nyumba za mtaa mmoja zinavyochota kwenye kisima kimoja.

Kompyuta yoyote inahitaji mfumo wa kuiendesha, ule unaoamka wa kwanza na kuzigawia programu nyingine kazi. Ipo mifumo ya kununua, yenye leseni. Na ipo mifumo huria, iliyoandikwa na watu wa kila pembe ya dunia, maandishi yake yako wazi, unaruhusiwa kuichukua, kuinakili, kuirekebisha na kumpa jirani. Watu wakisikia bure wanadhani ni makombo. Makombo gani! Mashine nyingi zinazobeba intaneti ya dunia hii zinaendeshwa kwa mifumo ya namna hiyo, na mtu wa Mlandizi anayeangalia taarabu kwenye simu huku amesimama gengeni anaitumia bila kujua. Mimi naipenda kwa sababu haichagui mashine. Kompyuta iliyokwisha kuitwa chuma chakavu, ukiiwekea mfumo huu, inaamka na kufanya kazi bila kununa. Huo ndio niliouweka Kurui.

Basi likatoka tangazo. Wale waliokuwa wakiutunza mfumo wetu walisema wanauacha. Hautazimika siku hiyohiyo, lakini hautarekebishwa tena, na mfumo usiorekebishwa unaoza polepole: matundu yake yanagunduliwa na hakuna wa kuyaziba. Nilisoma tangazo lile dukani nikapiga meza kwa hasira mpaka mteja aliyekuja kutoa fotokopi akarudi nyuma. Nilikuwa nimewaambia watu wa Kurui, kwa mdomo wangu huu, kwamba kitu hiki hakifi.

Habari zilifika Kurui kabla yangu. Kuna kijana mmoja wa mauzo alipita na tai yake, akawaeleza walimu kwamba wamekalia bomu, na kwamba yeye ana mfumo wa kununua. Bodi ya shule ikaniita. Mwenyekiti wa bodi ni mzee mkulima wa korosho, mtu wa kofia safi na sauti ya taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Kaa. Tumesikia hiki kitu chako kimekimbiwa na wenyewe."

"Hakina mwenyewe mmoja, mzee. Ni cha wengi."

"Hapo ndipo panaponitia shaka. Cha kununua kikiharibika namfuata aliyeniuzia. Hiki nimfuate nani?"

Mimi ninajulikana Maili Moja nzima kwa mdomo, lakini siku ile nilitanguliwa. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema. Alikuwa ameshauliza: ule mfumo wa kununua ni mzito, kompyuta zetu haziuwezi. Wakiuchukua, kompyuta zote ni za kutupa na zinunuliwe mpya. Kila mtu pale alijua pesa hiyo haipo. Maana yake chumba cha kompyuta kifungwe, na kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani. Wakakubaliana kunipa nafasi. Kikao kinachofuata nije niwaonyeshe kwamba seva ina mtu wa kuitunza na ina kesho yake. Nikishindwa, chumba kinafungwa.

Sikukata tamaa, maana nilijua jambo moja ambalo kijana wa tai hakulisema. Waliposikia wale wa kwanza wanauacha, watu wengine huko duniani walichukua maandishi yaleyale ya mfumo, wakayaendeleza kwa jina jingine. Hawakuomba ruhusa, ruhusa ilikuwamo tangu mwanzo. Mifumo hii imedumu hivyo: aliyechoka anaweka chini, mwingine anaokota. Kazi yangu ilikuwa kuivusha seva ya Kurui kutoka jina la zamani kwenda jina jipya bila kupoteza masomo yaliyomo.

Nilijaribu dukani kwanza, kwenye mashine niliyoifanya pacha wa ile ya Kurui. Ikakataa kuwaka. Nikarudia, ikakataa. Niliitukana, nikaibembeleza, nikaitukana tena. Wateja wakawa wananiuliza kama nimefiwa.

Mwisho wa wiki nikaenda kijijini Janga, karibu na Mlandizi, kwa mama, na jembe halikunipa nafasi ya kununa. Nilipomweleza habari za seva alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo hiyo ndiyo iliyokuzuia kuja kupalilia?" Nikainama nikapalilia.

Muhogo tuliokuwa tunaupalilia ni muhogo mtamu, wa kuchemsha na kunywea chai bila kuuongezea kitu. Ulishawahi kumpotea mama nilipokuwa mdogo. Ugonjwa uliingia, majani mazuri, ukichimba mzizi umeoza ndani, shamba zima. Mbegu ile alikuwa ameshampa mwanamke mmoja ng'ambo ya reli, na baadaye wakakorofishana vibaya kwa sababu ya mbuzi aliyekula mchicha. Mama alijifunga kanga, akaenda hivyohivyo na uso wake wa ugomvi, akarudi na mzigo wa pingili kichwani. Nilikuwa nimefuatana naye. Nilishangaa kwamba hakusema asante, nikamuuliza njiani kama ni kwa ajili ya yule mbuzi. Akanigombeza. Mbegu haisemewi asante, alisema, ukiishukuru haishiki. Kwetu ndivyo ilivyo. Pingili za muhogo haziuzwi wala hazishukuriwi. Unapewa, unapanda, na wewe ukiombwa unatoa.

Nikiwa kwenye matuta yale nikamkumbuka mwanamke wa ng'ambo ya reli, na papo hapo nikajua ninapotakiwa kwenda. Sikupapenda hata kidogo.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka langu, kuna jamaa anayefunga kamera za ulinzi. Mwanzoni mwa biashara yake, mashine yake ya kuhifadhia picha iliingiwa na virusi, akanijia amenyong'onyea. Nikampa mfumo huria kwenye flashi, nikamwekea, nikakaa naye alasiri nzima kumfundisha amri zake. Tulipomaliza akachomoa flashi, akaitia mfukoni, akavuka barabara. Hata neno moja! Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa za kunyanyuliana kidevu. Kila nilipoona wateja wake wanaongezeka nilisema moyoni, kula tu, mwana wa watu, kula na usishukuru.

Jumatatu nikavuka barabara.

"Karibu fundi," akasema. "Nilijua utakuja. Sikujua utachelewa hivi."

"Ningeweza mwenyewe nisingekuja."

Akacheka, akanivutia kiti. Nikaangalia ukutani kwake: mashine zote zilikuwa kwenye mfumo ule wenye jina jipya. Alikuwa ameshavusha na za wateja wake. Nikamweleza shida yangu ya Kurui.

"Uliondoa kwanza vile vya kuazima?" akaniuliza.

Alimaanisha vile vipande vya programu nilivyochukua huku na huku kwa miaka nikavipachika kwenye mfumo ili mambo yaende. Sikuwa nimeviondoa. Jina jipya lilivikuta, halikuvitambua, likagoma.

"Na mimi yangu ya kwanza ilinigomea hivyohivyo," akasema. "Nilikaa nayo mpaka mke wangu akadhani nimeoa mwingine."

Nilicheka bila kutaka. Akachukua flashi, akasema tutaenda wote, kwa sababu kabati la vikombe lenye seva ndani yake hajawahi kuliona.

Siku ya kikao tulienda kwa pikipiki yake, tukaingilia Mlandizi na kushika barabara ya vumbi ya Mzenga. Tulifika Kurui wekundu mpaka kope. Mwalimu mkuu alitupa maji ya kunawa. Bodi ilikuwa imeshakaa kwenye chumba cha walimu, na mwenyekiti alikuwa amegeuza kiti chake kuelekea kabatini.

Tulinakili masomo yote kwenye diski ya pembeni kwanza. Kisha tukaondoa vya kuazima, kimoja baada ya kingine, jirani yangu wa kamera akitaja na mimi nikifuta. Nilishangaa tulivyoelewana. Tukauingiza mfumo mpya, tukazima. Nikawasha.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi. Mwalimu wa fizikia, aliyekuwa amesimama nyuma yetu tangu mwanzo kama mtu anayeangalia mpira, akavuta pumzi kwa nguvu. Niliwafikiria wale watoto wa kidato cha nne wanaopitia mitihani ya zamani pale, wengi wao nyumbani hawana hata kitabu kimoja.

Kisha taa ya kijani ikapepesa, na maandishi yakaanza kushuka.

Mwalimu mkuu akatoka mbiombio, yeye ambaye hajawahi kukimbia mbele ya bodi. Tukamsikia chumba cha pili anawaambia wanafunzi wafungue somo lolote. Wakafungua video ya moyo wa chura. Wote kwa pamoja, kwenye zile kompyuta chakavu, moyo wa chura ukawa unadunda. Kelele za watoto zilitufikia kupitia ukutani. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia mzee wa korosho.

Yeye alikuwa bado na swali lake. "Vizuri. Sasa kikiharibika, nimfuate nani?"

"Mfuate huyu, mzee," jirani yangu akasema, akinionyesha. "Asipokuwepo nifuate mimi. Na sisi tukikosekana, yeyote anayejua kusoma maandishi yake. Hayajafichwa."

Mzee akamgeukia mwalimu wa fizikia. "Wewe unajua kuyasoma?"

"Najifunza, mzee. Leo nimeangalia kila kitu."

"Basi chumba hakifungwi," mwenyekiti akasema, akavua kofia akaikung'uta, kama ni yeye aliyekuja na pikipiki.

Walitupikia muhogo na samaki wa kukaanga. Tulikaa kwenye baraza la ofisi tunakula, na mimi nikaona huu ndio wakati wa kumfundisha mwenzangu adabu kwa vitendo. Nikajikaza, nikamwangalia usoni nikamwambia, "Asante sana, jirani. Mungu akulipe."

Muhogo ulimpalia. Alikohoa, akanywa maji, akanitazama kama nimemtukana.

"Unanishukuru mbegu?" akasema. "Wewe si mtu wa Janga wewe? Unataka isishike?"

"Mbegu gani?"

"Ile uliyonipa. Mimi siku ile nilibana midomo mpaka nimevuka barabara, maana asante ilikuwa imenijaa hapa." Akajigusa kooni. "Mama yangu ni wa Mlandizi. Angenisikia nashukuru mbegu angenichapa."

Nilicheka mpaka nikaweka sahani chini. Miaka yote ile nimemnunia mtu, kumbe mwenzangu alikuwa anaitunza mbegu yangu kwa adabu zilezile nilizofundishwa kwetu, adabu nilizoziacha shambani nikidhani seva haina habari nazo. Nilimwonea aibu, na nilimpenda kwa moyo wangu wote.

Wakati tunajiandaa kuondoka, mwalimu wa fizikia akaja na flashi yake. Ana rafiki anafundisha shule nyingine huko ndani Kisarawe, nao wana kompyuta chakavu zimekaa tu. Nikamnakilia mfumo. Akachomoa flashi, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akatutazama, uso umemjaa furaha, akafungua kinywa.

"Usiseme!" tukamwambia wote wawili.