Mhunzi Aliyekataa Kukaa

Kwanza nikuambie wazi: mimi si mtu wa mizimu. Mimi ni mtu wa mota, mikanda na cheche. Ukinisimulia habari za jini nitakuuliza lilivaa viatu namba ngapi. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba niliongea na mtu ambaye hakuwa mtu, tena nikamwachia mashine yangu aijaribu, usinitazame hivyo. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, na bila yeye tungekuwa tumezikwa, mimi na mwanangu.

Nilizaliwa Kigoma, tukarudi nyumbani nikiwa kijana, na hapa mtaani bado wananicheka kwamba naongea kama redio. Waache wacheke. Kazi yangu ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye visu. Mji huu umejaa samaki na mishikaki ya mbuzi, sasa niambie, nani hapa hahitaji kisu? Nilikuwa navichonga kwa tupa, kisu kimoja mpaka vidole vinakataa kukunjuka. Ndipo nikaanza kuota mashine ya mkanda. Unaijua? Ni msasa mrefu ulioungwa ncha kwa ncha, unazungushwa na mota kwenye magurudumu, wewe unasogeza chuma tu na kinapungua huku unatazama. Raha yake siwezi kukueleza!

Nikavuka kwenda Goma kutafuta ya bei ya chini. Fundi mbao mmoja alikuwa nazo mbili. Moja mpya, nyekundu, inang'aa, nyepesi kama sufuria. Nikaiwasha, nikaukandamiza mkanda kwa kipande cha ubao, ikakoroma, ikasimama. Ya pili ilikuwa kuukuu, nzito, imejaa kutu, na mota yake ilitolewa kwenye kinu cha mahindi. Nikaikandamiza kwa nguvu zangu zote. Haikujali hata kidogo! Nikaizima, gurudumu likaendelea kuzunguka taratibu bila beringi kulia. Nilitaka kuikumbatia pale pale. Kama unatafuta mashine rahisi, sikia ushauri wangu: nunua mota. Mengine utayatengeneza mwenyewe.

Na niliyatengeneza, niamini. Mkanda ulikuwa unapita juu ya bati jembamba linalobonyea, kisu kinatoka na tumbo. Nikaling'oa, nikaweka bapa la chuma kinene, na juu yake nikagandisha kipande cha kigae cha sakafu, kigumu, laini, hakiliwi na msasa. Tena ilikuwa inakimbia mno, chuma kinapata moto mpaka kinageuka bluu na makali yanakufa. Nikabadilisha puli ya mota, nikaweka ndogo, ikatulia. Gurudumu la juu nililichonga kwa mti na kulivisha mpira wa tairi, kama wanavyofanya kule Goma kwenye chukudu, yale magari yao ya mbao ya kusukuma. Springi ya kukaza mkanda niliitoa kwenye stendi ya pikipiki. Siku niliyoiwasha na mkanda ukakaa katikati bila kuteleza, nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani nimeshikwa na umeme.

Mke wangu, Zawadi, hakupiga kelele. Yeye ni wa mpakani hapa hapa, na hana maneno mengi.

"Bon," alisema. "Furaha iko yako, makelele iko yetu. Toa ile kitu mu nyumba."

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na shimo pana la mawe meusi ya volkeno, ukishuka linakuzidi kichwa. Halikuwa na mwenyewe. Nikavuta waya wa umeme, nikaishusha mashine humo, nikaifunga chini kabisa juu ya gogo, nami nikawa nakaa kwenye tairi kuukuu. Kwa nini chini? Kwa sababu babu yangu alikuwa mhunzi, na baba yake pia, na wahunzi wa kwetu hufanya kazi wameketi, mivukuto pembeni, chuma kati ya magoti. Mhunzi kusimama? Niliona aibu hata kufikiria. Nilijisifu kwamba mashine yangu ina umeme lakini inaheshimu mababu.

Nilikuwa nashuka alfajiri, kabla wachomeleaji wenzangu wa mtaa hawajaamka na kuunyonya umeme wote. Baadaye Zawadi ananiletea chai, na mtoto wetu Keza, aliyekuwa bado hajaanza kutambaa, tunamlaza juu ya kitenge karibu na miguu yangu. Yule mtoto hakulala kwa kubembelezwa wala kwa titi, lakini mashine ikinguruma tu, amekwenda! Tulicheka sana. Asubuhi nyingine kichwa kiliniuma mpaka macho yakawa mazito. Nikasema ni vumbi.

Basi alfajiri hiyo Zawadi alikuwa hajashuka. Mkononi nilikuwa na kisu cha kwanza cha oda ya akina mama wauza samaki, cha chuma cha springi ya lori, na nilikuwa na hamu ya kukimaliza kuliko hamu ya chai. Lakini, ajabu, usingizi ulinishika. Mimi, na furaha yote ile, nasinzia! Kidevu kiligusa kifua. Ndipo nikasikia mtu anasema juu ya kichwa changu:

"Mwaramutse, fundi. Simama basi, unionyeshe hii kitu."

Nikasimama, nikashikilia ukuta wa mawe mpaka kizunguzungu kikapita. Alikuwa kijana mwembamba, kifua wazi, amejifunga ngozi ya mbuzi kiunoni. Nikajua ni mmoja wa wale wanaowachezea watalii ngoma hotelini, amepotea njia akirudi kwake. Si hata wewe ungefikiri hivyo?

Na alivyofurahi! Alikuwa anaizunguka mashine yangu kama mtoto aliyeona pikipiki.

"Mukanda inakula chuma? Bila tupa? Bila jiwe?"

Nikamweleza yote, puli, kigae, springi. Aliuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Kwa nini kigae na si chuma kitupu? Gurudumu la mti halipasuki? Mke wangu tangu nimjue hajaniuliza habari za kigae! Nilijisikia nimepata ndugu. Nikamwambia ajaribu, nikamsogezea tairi akae. Akalisukuma kwa mguu.

"Hapana. Mi sikai tena."

Akainama, mgongo umekunjika vibaya kwa jinsi mashine ilivyokuwa chini, akakishika kisu changu kwa mikono miwili na kukivuta mbele ya mkanda, kutoka mpinini hadi nchani, mara moja tu, bila kusita. Wee! Mstari ulionyooka namna ile sijawahi kuuona. Nilipiga makofi.

Sasa nisikilize vizuri. Cheche zilikuwa zinamwagika nyingi, nyekundu, na zilipofika usawa wa magoti yake zikazimika. Zote, kama zimeingia majini. Chini ya magoti yake hakukuwa na cheche hata moja. Niliona kwa macho yangu haya, nikajiambia ni unyevu wa asubuhi.

Na kitu cha pili. Mtu wa kazi hii akimaliza, pua yake ni nyeusi tii. Mimi nikipenga kamasi ni wino. Yeye uso mzima ulikuwa umejaa vumbi la chuma, nyusi, midomo, kope, lakini matundu ya pua yake yalibaki safi. Unaelewa maana yake? Mimi sikuelewa. Nilimwonea wivu tu, nikamuuliza anajifunga kitambaa gani. Akacheka.

"Mashine iko muzuri sana," akasema akinirudishia kisu. "Lakini iko chini. Uiinue. Leo."

"Mhunzi hukaa," nikamwambia. "Babu yangu..."

"Sisi tulikaaka," akasema, na sasa hakuwa anacheka.

Kisha akaokota kitenge cha Keza pale chini, akakikung'uta, akakitundika kwenye msumari juu kabisa ya ukuta. "Na hii isilale chini." Akaanza kupanda mawe. Nikageuka kuzima mota, nikageuka tena kumuuliza jina. Hakukuwa na mtu, na njia ya kupanda pale ni moja.

Niliogopa? Hapana, bwana, sikuwa na nafasi ya kuogopa. Kichwani kulikuwa na lile neno moja, uiinue. Kwa sababu alisema kweli! Nilipomwona anainama nilielewa kwamba mashine ikifika usawa wa kiwiko, unabana mikono kwenye mbavu na kuusogeza mwili mzima, kisu hakitetemeki. Siku hiyo hiyo nikachomelea miguu minne ya bomba la maji, mirefu. Jirani yetu Mama Esperance, mwenye kuku waliozoea kuchakura mle shimoni, alichungulia kutoka juu, akaniona nimesimama, akanitania.

"Fundi, sasa we iko mwalimu ao muhunzi?"

Kesho yake alfajiri hakukuwa na upepo kabisa. Nilikuwa nimesimama wima, nafanya kazi tamu kuliko zote nilizowahi kufanya. Zawadi akashuka na chupa ya chai, Keza mgongoni. Akamfungua mtoto, akatazama chini.

"Kitenge iko wapi?"

Nikamwonyesha msumari. Akambana Keza kifuani na kunyoosha mkono mwingine juu. Mimi nikawa nataka aone kisu, nikakiinua kwa majivuno, kikaniponyoka, kikaanguka. Nikainama kukiokota.

Hewa haikuwepo. Nilivuta, na hakikuja kitu. Si harufu, si moshi, hakuna kitu chochote. Magoti yakakunjika, masikio yakajaa kelele, nikawa naona miguu ya mashine tu, inasogea mbali. Zawadi hubeba magunia mpakani, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa kila gunia. Alinishika ukosi kwa mkono mmoja, mtoto kwa mwingine, akanivuta mpaka uso wangu ukapanda juu na pumzi ikarudi. Tulipanda yale mawe kwa kutambaa.

Kulipopambazuka tukawaona kuku wa Mama Esperance. Walikuwa wamelala pale kwenye mawe, hata unyoya mmoja haujavurugika, mahali pale pale alipokuwa akilala Keza. Zawadi alimkumbatia mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Nami nililia, sikufichi.

"Mazuku!" akapiga kelele Mama Esperance. Ndivyo watu wa chini ya volkeno wanavyoiita ile hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, ni nzito, inajaa kwenye mashimo kama maji kwenye beseni. Moto hauwaki ndani yake, na mtu hawezi kuivuta akaishi. Siku nyingine ipo, siku nyingine haipo.

Nikamweleza Mama Esperance habari za kijana wa ngozi ya mbuzi, mavazi yake, na furaha yake kwa mashine. Hata kuku wake akawasahau. Akasema alipokuwa msichana mama yake alimkataza shimo lile, naye akadhani ni hadithi za kutishia watoto tu. Kulikuwa na wahunzi wawili humo, ndugu, na mdogo wao alipenda sana kucheka. Asubuhi moja moto wao ulikuwa umezimika, na mikono yao bado iko kwenye mivukuto.

"Waliwakuta wamekaa, fundi," akasema. "Wamekaa tu."

Na mimi lile neno la yule kijana, la kukaa, sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Shimo tulilijaza mawe siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima. Sasa nafanyia kazi juu, kando ya barabara, upepo unapita, visu vyangu vinatafutwa mpaka Goma, na Keza anakimbia. Lakini tangu siku ile sijaweza kukaa chini nikiwa na chuma mkononi. Miguu yenyewe inakataa. Na kila ninapoongeza kitu kipya kwenye mashine, alfajiri kabla watu hawajaamka, najikuta nakieleza kwa sauti, taratibu, kipande kwa kipande. Zawadi ananisikia, wala hanicheki.

Wewe unayetaka kuanza kazi hii, anza! Chagua mota yenye nguvu, ng'oa bati, weka puli ndogo, furahi. Lakini iweke juu, mahali penye upepo, na mtoto asilale chini. Na siku utakayoona cheche zako zinazimika kabla hazijafika chini, usikae kutafuta sababu. Beba mtoto, panda.